Maswali ya Wachora Manga: Nani Akose Lita Zake 15?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinahusu manga (hadithi za katuni za mtindo wa Kijapani) za distopia, yaani hadithi za jamii iliyoharibika ambako watawala wamebana kila kitu. Tumechagua nne.

Ninachora manga ya Arusha ya mwaka 2090. Mamlaka imehodhi maji na mji umezungushiwa ukuta. Nina daftari zima la historia ya vita, ukoo wa watawala na ramani, lakini waliosoma kurasa 12 za mwanzo wanasema ni kama filamu zote walizowahi kuona. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

Vita vya zamani havimgusi msomaji. Foleni ya maji inamgusa. Daftari lihifadhi, uanze na hesabu ndogo. Tuseme imebaki chemchemi moja tu salama, nayo inatoa lita 7 kwa sekunde. Kwa siku ni lita 604,800. Kiwango cha chini wanachotumia watoa misaada kwenye kambi za wakimbizi ni lita 15 kwa mtu kwa siku: za kunywa, kupika na kujisafi. Gawanya, utapata watu 40,320. Sasa amua kwamba mji wako una watu 60,000. Hapo distopia imeshazaliwa kabla hujachora askari hata mmoja, kwa sababu watu karibu 20,000 hawana fungu, na lazima awepo wa kutamka ni akina nani. Huyo ndiye wa kumchora kwanza. Mpe meza, mhuri na kalamu inayovuja.

Halafu tumia balaa la Arusha yenyewe, usiazime la Tokyo. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo. Huioni na huinusi. Ukichemsha unaongeza tatizo, maana maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Ikizidi, hutia madoa meno ya kudumu yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Kwa yale ya mbele, hatari ni hadi mtoto afikishe kama miaka 8. Mtu mzima akihamia hapo, meno yake hayabadiliki rangi.

Ona hilo linavyokupa hadithi. Katika mji wako kinywa cha mtu ni cheti chake cha kuzaliwa. Mhusika anaweza kughushi kitambulisho cha watu wa juu, akajifunza lafudhi yao na kuvaa viatu vyao, kisha akasahau akacheka. Kwenye manga isiyo na rangi, meno hayo usiyajaze wino, kwa sababu msomaji ataona pengo. Chora mistari myembamba ya kulala juu ya kila jino, isiyolingana, kisha weka toni (kivuli cha nukta ndogondogo) nyepesi ya asilimia 10 hadi 20. Kwenye sura inayoonekana kwa mbali acha kabisa; meno yaonekane katika visanduku vya picha za karibu tu, na kila yanapoonekana pawe na jambo.

Dawa ya floraidi nayo ni utajiri mtupu kwa mwandishi. Njia mojawapo ni mkaa wa mifupa ya mifugo, ambao umetumika huku na kufanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa chengachenga, ikajazwa kwenye chujio. Ikichomwa kwa moto hafifu, maji yanatoka na harufu na rangi. Hewa ikizidi, mifupa inakuwa myeupe na nguvu yake ya kushika floraidi inashuka. Inayotakiwa ni ile nyeusi. Kwa hiyo katika mji wako mwenye bucha ana nguvu kuliko diwani. Kuna kodi ya mifupa. Kuna wezi wa mifupa. Kuna mzee anayekataa maji kwa sababu hakuna anayeweza kumhakikishia ni mifupa ya mnyama gani, na ana haki ya kuuliza.

Zaidi ya yote, chujio likishashiba linaendelea kutoa maji yaleyale maangavu, yasiyo na ladha mbaya, na bila kipimo hakuna atakayejua. Fundi mmoja tu amepima. Akitangaza, watu watakanyagana kwenye chemchemi usiku huohuo. Akinyamaza, watoto wanaendelea kunywa. Hapo huhitaji jitu wala roboti.

Kwa kurasa 16 za kwanza jibanie kanuni tatu: kila mtu anapata kiasi gani, nani anahesabu, na anayeiba anafanywa nini. Usizieleze kwenye masanduku ya maandishi. Onyesha moja ikivunjwa, ya pili ikitekelezwa bila huruma, ya tatu ikitekelezwa kwa upendeleo. Ukuta unaweza kusubiri hadi sura ya tatu.

Adui katika manga yangu ni mwenyekiti wa mfereji huko Uchaggani ya baadaye. Wasomaji wanamchukia kuanzia ukurasa wa kwanza. Ili awe na utata nimempa binti mgonjwa, lakini sasa wanasema imekuwa tamthilia. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Soweto, Moshi*

Mwondoe binti. Ugonjwa wa mtoto unamfanya mtu ahurumiwe, haufanyi uamuzi wake uwe mgumu kuhukumu. Utata unakuja pale mhusika anapokuwa na hoja ambayo msomaji akiitafuta kasoro anaikosa, na bado matokeo yake yanamchefua.

Mifereji ya asili ya Kilimanjaro ina kila unachohitaji. Maji yalitolewa kwa zamu, ukoo uliochimba mfereji ulikuwa na kauli juu yake, na asiyefika siku ya kusafisha alitozwa faini. Utaratibu huo una mantiki: mfereji usiposafishwa, udongo na majani vinaziba, na wa mwisho kule chini hapati tone. Sasa mjane aliyeshindwa kufika kwenye kazi anakatiwa zamu yake wiki ambayo mahindi yanatoa mbelewele. Mwenyekiti akimsamehe yeye, wiki ijayo watakosekana watu kumi. Asipomsamehe, shamba linakufa. Wote wawili wana haki, na maji ni ya mtu mmoja.

Mfano mzuri uko katika manga ya Hajime Isayama, Attack on Titan, ambako watu wanaishi ndani ya kuta wakijikinga na majitu yanayokula watu. Ukuta wa nje unaanguka, wakimbizi wanajazana ndani, chakula hakitoshi. Serikali inawapeleka watu 250,000, asilimia 20 ya waliobaki, eti wakaukomboe ukuta, na karibu wote wanakufa. Jambo linalouma ni kwamba baada ya hapo uhaba wa chakula unapungua. Mwandishi hakumwekea waziri kicheko cha kishetani. Aliweka hesabu, akawaacha walionusurika waendelee kula mkate ule.

Kwa kazi yako, mwandikie kila mhusika mkubwa sentensi tatu kabla ya kuchora: anataka nini, nani analipa gharama, na anajua nini ambacho wengine hawajui. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mwenyekiti anayejua kwamba chanzo kimepungua kwa theluthi ni mtu tofauti na anayebana maji kwa jeuri, hata kama matendo yao yanafanana kisanduku kwa kisanduku. Kisha chora kurasa mbili za tukio lilelile ukiwa upande wa pili, kwa majaribio tu. Ukikuta mjane sasa amegeuka mjinga au mkorofi, ujue uliandika kwa kupendelea.

Tahadhari moja: usikimbilie upande wa pili ukasema kila mtu ni mbaya, basi. Huo ni uvivu uliovaa suti. Anayekata maji na anayekatiwa hawako sawa, na msomaji asilazimishwe kujifanya haoni. Anayelipa gharama apewe uso, jina na kisanduku kikubwa kuliko cha anayetoa hotuba.

Katika dunia yangu barafu ya Kilimanjaro imeyeyuka yote, kwa hiyo mito yote ya Moshi imekauka. Mwalimu wangu wa jiografia amecheka. Kwa nini?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Kwa sababu mito hiyo haitegemei sana barafu. Ni kweli barafu inakwisha: kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa karibu asilimia 85. Lakini maji ya mito na chemchemi za miteremkoni hutoka zaidi kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Ukitaka Moshi ikauke, choma msitu. Moto unaopanda mlimani mwaka hadi mwaka unashusha mpaka wa juu wa miti, na ukungu unapita bila kitu cha kuunasa. Kwa hadithi hilo ni bora mara mbili: barafu haina wa kulaumiwa aliye karibu, ila moto una mtu aliyeuwasha, pengine akitafuta asali au malisho. Kilele kisicho na barafu kiache kwenye picha ya mbali tu. Kitatosha kumwambia msomaji tuko mwaka gani.

Karatasi gani, vipimo gani, na nichore kutoka kulia kama Wajapani?
*Msomaji, Ngaramtoni*

Kiswahili kinasomwa kutoka kushoto, chora kutoka kushoto. Ukigeuza visanduku huku maneno yanakwenda upande mwingine, macho ya msomaji yatagongana katikati ya ukurasa.

Tumia A4 nzito, gramu 160 hadi 200. Ile ya gramu 80 ya kutolea kopi inasambaza wino na mistari inaota manyoya. Fremu ya ndani iwe milimita 150 kwa 220, na ukurasa ukatwe 182 kwa 257. Kila neno la muhimu likae ndani ya fremu ya ndani, kwa sababu mashine ya kukatia haina huruma. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), nyeusi na nyeupe bila kijivu. Toni za nukta ziwekwe baada ya kufikia ukubwa wa mwisho. Ukizipunguza baadaye nukta zinagongana na kutengeneza mawimbi, hasa kwenye anga na kuta.

Viputo, yaani vile vinavyobeba maneno ya wahusika, ndipo wengi wanaponaswa. Viputo vya Kijapani ni virefu wima kwa sababu maandishi yao yanashuka. Neno kama “hawatatunyang'anya” likiingizwa humo linakatika mara tatu. Chora viputo vipana, andika maneno kwanza kwa penseli, kisha ndipo uzungushe mstari. Maneno yasizidi 25 kwa kiputo, visanduku 5 au 6 kwa ukurasa. Mhusika wako akihitaji maneno 60 kueleza sheria ya maji, mpe ndoo tupu na mtu wa kumfukuza kwenye foleni.