Kwa mnaochukua kobe wa jangwani kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu wa Phoenix na Tucson, hapa Arizona, picha mnazotumiana nimeziona. Kobe yuko ndani ya boksi sebuleni, mbele yake sahani ya ndizi mbivu na matonge ya ugali. Najua mmemchukua kwa huruma, na nawapenda kwa hilo, lakini mgeni huyu mnamuua kwa ukarimu. Fomu za idara ya wanyamapori mmejaza, uwanja na shimo lake la kulala mmepiga picha, mmekubaliwa. Tuongee sasa yale yanayorudiwa kila mwaka kobe wanapopata makazi mapya, maana uvumilivu wangu unaisha.

1. Chakula. Huyu si kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, anayelishwa mboga mkononi na watalii. Tumbo lake limezoea nyasi, majani ya porini na maua. Mpe nyasi, majani ya mforosadi, mpungate uliotolewa miiba, na yale maua ya rangi ya machungwa yanayoota kando ya barabara majira ya kuchipua. Nyama, chakula cha mbwa na mabaki ya mezani, hapana. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akimrushia wetu vipande vya chapati juu ya uzio kila jioni, na kobe akajua saa yake, akawa anamngoja palepale. Ilibidi tumkaribishe chai tumweleze taratibu. Siku hizi mama analeta maua ya mpungate kwenye kikapu, na kobe bado anamngoja.

2. Shimo. Bloku za saruji, plaiwudi, udongo mwingi juu, mnajua. Msichojua ni maji. Mvua za Julai hadi Septemba hushuka kwa ghafla na shimo lililochimbwa bondeni hujaa maji kobe akiwa ndani. Kabla hujashika sepetu, fungulia mpira wa bustani uone maji yanaelekea wapi.

3. Bwawa la kuogelea lizungushiwe uzio. Mbwa, hata awe mpole vipi, asiachwe naye peke yake. Gamba lisitobolewe ili afungwe kamba: ni mfupa ulio hai, na anasikia maumivu.

4. Usingizi wa baridi, ule wa kulala shimoni miezi yote ya baridi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipomkosea Babu.

Babu ndiye kobe wetu, dume mwenye pembe ndefu chini ya shingo, aliyeokotwa barabarani gamba likiwa limepasuka ubavuni. Septemba moja nilimwona pua imelowa. Kila akitoa pumzi, kipovu kidogo kilichungulia kwenye tundu la kushoto, kikapasuka. Nilikipangusa kwa kidole nikasema ni vumbi. Kesho yake kikarudi, nikapangusa tena. Chakula alikuwa anakula ila anaacha nusu, na hilo nalo nikalitafutia maelezo: majira yanageuka, anajiandaa kulala. Kwetu husemwa kobe akiinama anatunga sheria. Babu alikuwa akiinama mchana kutwa penye kivuli, na mimi nikamwacha atunge. Oktoba akaingia shimoni, nikaziba mlango, nikalala vizuri.

Mwili wa kobe ukipoa, kila kitu hupungua: mapigo ya moyo, mmeng'enyo wa chakula, hata kinga. Mzima hulala hivyo mpaka Machi na kuamka bila neno. Mgonjwa hulala na ugonjwa wake, tena akiwa hana nguvu ya kupambana nao. Nilikuwa nayajua haya. Nilikuwa nimewafundisha wengine. Lakini niliogopa bili ya daktari, na aliye na hofu ya bili huona vumbi kila mahali.

Machi alitoka mwepesi mkononi kama ganda tupu. Macho yamezama, ute mzito umeziba pua zote mbili, shingo ameinyoosha anahemea mdomoni. Daktari wa reptilia alisema ni ugonjwa wa njia ya hewa, ule wa bakteria wa Mycoplasma. Zikaanza sindano za antibiotiki kwenye mguu wa mbele. Mimi ndiye niliyeushika mguu huo, naye akijaribu kuurudisha ndani ya gamba kwa nguvu kidogo aliyobakiwa nayo. Alipona, namshukuru Mungu. Pua haikupona. Kobe hutafuta chakula kwa kunusa, na Babu leo anapita juu ya ua la mpungate ambalo zamani alilifuata kutoka upande wa pili wa uwanja. Mpaka nimwekee mdomoni pake ndipo anajua lipo.

Kwa hiyo: pua iliyolowa, macho yaliyovimba, au kukataa kula wakati joto bado lipo, ni daktari wiki hiyohiyo. Mpime uzito kila mwezi uandike. Mgonjwa haachwi alale usingizi wa baridi. Hukaa ndani penye joto hadi apone. Mzima ataacha kula mwenyewe majira yakifika, usimbembeleze, ila muogeshe kwenye beseni anywe vizuri, maji yasifike puani.

5. Akikushinda, usimpeleke jangwani "akarudi kwao". Ni kosa kisheria, na bakteria hao huambukizwa kobe kwa kobe. Wale wa jangwa la Mojave, ng'ambo ya mto Colorado, serikali kuu iliwaorodhesha mwaka 1990 kuwa hatarini, na maradhi ni mojawapo ya sababu. Hawa wetu wa jangwa la Sonora, ambao tangu 2011 wanahesabiwa kuwa spishi yao wenyewe, msiwaletee. Na ukikutana na kobe wa porini, usimwinue kwa ajili ya picha: akishtuka humwaga maji aliyohifadhi kibofuni kwa ajili ya kiangazi.

6. Wawili pamoja, hapana. Madume hupigana na kupinduana, na aliyepinduliwa kwenye jua la Julai hafiki jioni. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miaka, kwa hiyo "yuko peke yake" si hoja. Ukiona mayai piga simu idarani, maana Arizona hairuhusu kuwazalisha.

7. Umri. Anaweza kufika miaka 50, hata 80. Andika sasa nani atamchukua, na huyo mtu akubali mbele yako. Ukipata kazi Ohio au Texas, kobe habebwi kwenye gari pamoja na masufuria; wapigie waliokukabidhi kabla hujafunga mizigo, ili apate uwanja mwingine hapahapa Arizona.