Jumatano saa 10 jioni: jinsi muuguzi mwenye zamu anavyofika uwanjani

Binti yangu amechaguliwa timu ya netiboli ya mkoa wa Mbeya, ile itakayotuwakilisha kwenye UMITASHUMTA. Nimeshawaambia ndugu wote, nimeshawaambia hadi wagonjwa wangu wodini, na sasa nawaambia ninyi. Wanaoyajua mashindano hayo ya shule za msingi wanajua mchujo wake: mtoto anaanzia shuleni, anapita kata, anapita halmashauri, ndipo anafika mkoa, na kila hatua wapo wanaorudi nyumbani wakilia. Wangu amevuka zote. Namshukuru Mungu, na nitajisifu kidogo kwa sababu kazi niliifanya.

Tangu habari ienee simu yangu haijatulia. Kati ya jumbe zote, mmoja ulinikaa moyoni. Umetoka kwa mama anayefanya kazi benki kule Mafinga: “Dada hongera sana. Mimi wanangu wawili wanacheza mpira kila Jumanne na Alhamisi saa 10. Natoka kazini saa 12. Mwalimu wao wa michezo nikipishana naye sokoni hanijui. Wewe una zamu, mume yuko safarini, unawezaje?” Siku ile nilimjibu kwa mistari miwili. Leo namjibu kama inavyostahili.

Niwaeleze kwanza kwetu kukoje. Baba yao ni dereva wa malori, hupeleka mizigo Zambia na Kongo. Akiingia kwenye foleni ya mpakani Tunduma, hapo ni kusubiriana kwa simu tu. Kwa hiyo mzazi wa katikati ya wiki ni mimi, na mimi nina zamu tatu: asubuhi, mchana na usiku. Zamu ya mchana ndiyo adui. Ukipangwa mchana wiki ambayo mtoto ana mechi, umekwisha, maana muda ule ule watoto wanaingia uwanjani ndio wewe unapokea ripoti ya wodi.

Kuna kitu kinaniuma mpaka leo na nitakisema. Binti alipokuwa darasa la nne, timu ya shule yao ilifika fainali ya kata, siku ya kazi, jioni. Niliandika barua ya kuomba ruhusa mapema. Nikampata mwenzangu wa kunishikia zamu, akakubali kwa moyo mweupe. Aliyekuwa akitupangia zamu wakati huo akanijibu mbele ya watu: “Mgonjwa hasubiri mpira wa watoto.” Nikabaki kazini. Binti akachaguliwa mchezaji bora, akapewa madaftari na kalamu, na aliyemkumbatia pale ni mama wa mwenzake. Wiki iliyofuata, mfanyakazi mwingine wa wodi ile ile aliruhusiwa kuondoka mapema kuwahi sendoff ya binamu yake. Mchango wa ile sendoff nilikuwa nimetoa na mimi.

Nililia sana siku hiyo, kisha nikaanza kufikiri. Nikagundua kwamba sendoff ilipewa nafasi kwa sababu tarehe yake ilijulikana tangu miezi miwili nyuma. Kadi ilibandikwa ukutani. Kila mtu alikuwa ameshaizoea ile tarehe. Mechi ya mwanangu iliingia ofisini kama ombi la dharura, na ofisi haipendi dharura ya mtu mwingine.

Tangu hapo nafanya hivi. Shule ikifunguliwa, wiki ya kwanza kabisa, naenda kwa mwalimu wa michezo na daftari. Nachukua siku za mazoezi, nachukua tarehe za mechi za kata na za halmashauri hata kama bado ni za kukadiria. Nazipeleka kwa muuguzi mfawidhi kabla ratiba ya zamu ya mwezi haijatoka, maana ikishatoka kila badiliko linakuwa ni kumsumbua mtu. Simwambii “naomba ruhusa nikamtazame mtoto.” Namwambia: tarehe hizi nipange asubuhi au usiku, na mimi nitachukua zile ambazo wenzangu hawazitaki.

Na nazichukua kweli. Usiku wa Krismasi nakuwa wodini. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya nakuwa wodini. Pasaka vile vile. Wenzangu wanajua kwamba mtu wa sikukuu ni mimi, kwa hiyo nikisema Jumatano fulani nahitaji kutoka saa 9 na nusu, hakuna anayenuna. Nikitoka usiku nafika nyumbani asubuhi, nalala hadi saa 8 mchana, naoga, naenda uwanjani macho mekundu. Nani amesema lazima uende ukiwa umependeza?

Najua mtauliza kuhusu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, na huwezi kuzitumia zote kwa vijisaa vya jioni. Likizo ya kwenda kumtazama mtoto akicheza haimo. Kwa hiyo ni maelewano, na maelewano yanataka uwe na kitu mkononi cha kumpa mwenzako.

Sasa niseme lile ambalo baadhi ya ndugu zangu hawatalipenda. Nimeacha vikao vya harusi. Michango natoa, harusini nakwenda, lakini kukaa kikao Jumatano hadi saa 3 usiku kujadili rangi ya vitambaa vya meza, hapana. Shemeji yangu alininunia muda mrefu. Akasema najitenga na ukoo kwa ajili ya “kudaka mpira.” Nilimwambia kwa heshima, shemeji, mtoto huyu naye ni wa ukoo. Wazazi wenzangu, tunasema hatuna muda, halafu kwenye simu zetu kuna makundi matano ya WhatsApp ya kamati za harusi. Hesabu mwenyewe jioni zako za mwezi uliopita, uone zilikwenda kwa nani.

Na akina baba msijifiche nyuma yetu. Mbeya City walipopanda Ligi Kuu wakamaliza msimu wao wa kwanza, 2013/14, katika nafasi ya tatu, uwanja wa Sokoine ulikuwa unafurika. Mechi nyingine zilichezwa katikati ya wiki, na wanaume wa mji huu walijua kabisa namna ya kutoka kazini. Uwanja wa shule wa mwanao hauna kiingilio.

Barabara nayo ni mtihani. Tangu ianze kazi ya kupanua njia kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi iwe njia nne, kipande cha Mafiati kwenda Uyole jioni hakitabiriki. Nikiwa na mechi sipandi daladala, nachukua bodaboda, na nauli hiyo naitenga tangu mshahara unapoingia. Mdogo wangu, ambaye ana kibanda cha vipodozi Mwanjelwa, ndiye askari wangu wa akiba. Siku nikikwama kabisa anafunga kibanda saa moja kabla ya mechi, anakwenda yeye. Mtoto anatazama pembeni ya uwanja kutafuta sura moja tu anayoijua. Ikiwa ya mama mdogo, inatosha.

Sisi wa huku tuna bahati ambayo hatuitumii: jua letu linazama nyuma ya lile la Dar es Salaam kwa dakika ishirini hivi. Hata Juni, saa 12 na robo bado mpira unaonekana vizuri. Kwa hiyo mzazi anayetoka kazini saa 11 ana robo saa au nusu saa ya mwisho ya mazoezi. Nenda hiyo hiyo. Beba sweta. Mji upo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyetoka jasho kwenye baridi ya Juni ukimwacha na jezi mbichi utamtibu kifua wiki nzima. Mimi hubeba na chupa ya uji, na parachichi zikiwa msimu. Watoto wa timu nzima wananiita mama uji, na nalipenda jina hilo.

Mazoezi ndiyo ya kwenda, wapendwa, kuliko fainali. Fainali kila mtu anakuja na simu ya kupiga picha. Kwenye mazoezi ndipo niliona kwamba binti akidaka mpira hewani anatua kwa mguu mmoja, kifundo kinapinda kwa ndani. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Ukidaka unasimama papo hapo, uzito wote unashukia kifundo na goti, ndiyo maana majeraha mengi ya mchezo huu yako huko. Nilimwomba mwalimu kwa adabu awafundishe kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa. Alikubali, na timu nzima inatua hivyo sasa. Raba nazo nilizibadilisha: alikuwa anavaa zinazobana, nikamtafutia mtumba mzuri Mwanjelwa, saizi yake halisi, soli isiyoteleza.

Jifunzeni na mchezo wenyewe. Binti anacheza senta: anazunguka uwanja wote isipokuwa zile nusu duara mbili za magoli, hawezi kufunga, na mpira haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Kabla sijayajua haya nilikuwa namuuliza “umefunga mangapi leo?” na ananijibu “hakuna” kwa sauti ya kuchoka. Siku hizi namuuliza nani alichelewa kujiweka wazi kupokea mpira, na hapo mdomo haufungi hadi tunamaliza kula. Tulianza kuongea mambo mengine kwa njia hiyo: hofu ya hesabu, rafiki aliyehama, mwalimu anayechapa.

Tuisheni? Tumezihamishia Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa tuisheni alisema binti atashuka kimasomo, na hajashuka. Wanaowaondoa watoto uwanjani kwa sababu ya mtihani wa Septemba wa kumaliza shule ya msingi waende wakawaangalie hao watoto saa 10 jioni wanafanya nini. Wengi wako mbele ya televisheni.

Basi dada yangu wa Mafinga. Siku mbili kwa wiki usizing’ang’anie, utagombana na meneja na utashindwa. Chagua Alhamisi. Mwambie meneja wako mapema kwamba Alhamisi utaingia kabla ya wenzako na utatoka saa 10, na kwamba kazi za kufunga mwezi, ambazo kila mtu anazikimbia, wewe utazibeba. Akikataa muhula huu, rudi muhula ujao na tarehe zikiwa zimeandikwa, mimi mwenyewe nilikataliwa na bado nimefika hapa. Jumanne mtume shangazi yao au kijana wa jirani unayemwamini, ila amshangilie mtoto kwa jina. Na kabla ya yote hayo, wiki hii hii, omba dakika thelathini asubuhi, nenda shuleni, msalimie yule mwalimu wa michezo, mwambie wewe ni mama wa nani na nani, na umwachie namba yako ya simu.