Unakwenda Guangzhou kuchukua mzigo mara ya kwanza? Hela hupotelea wapi

Mkuu, umeuliza kama Guangzhou, ule mji wa kusini mwa China, kuna vibaka wengi, na kama ubebe dola taslimu kwenda kuchukua mabegi na viatu. Nakujibu kwa kirefu maana nimefuata mzigo kule kwa miaka, na wengi niliowaona wakilia hawakuibiwa mfukoni. Walilipa wenyewe, kwa hiari yao, kwa mtu asiyestahili kulipwa.

Vibaka wasikunyime usingizi. Mji una kamera kila kona, na Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, hata saa sita za usiku watu wanatembea na watoto. Palipo na msongamano, kama stesheni kuu ya reli na masoko ya Zhanxi yaliyo jirani yake, begi la mgongoni livae mbele na simu isikae mfuko wa nyuma. Hilo linatosha.

Teksi ndiyo ya kuangalia, hasa usiku. Unampa dereva noti ya yuan 100, anaigeuza kwenye mwanga, anatikisa kichwa, anakurudishia akidai ni mbovu. Unatoa nyingine, nayo anaikataa. Ukishuka umeshika noti feki, na zako halali ziko kwake. Anafanya haraka na gizani, na wewe una mabegi na usingizi wa safari. Kwa hiyo kabla hujampa noti soma kwa sauti namba za mwisho zilizoandikwa juu yake. Akijua umezishika hathubutu kubadilisha. Bora zaidi usimpe noti kabisa. Tangu 2023 Alipay na WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia, zinapokea kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China. Unganisha kadi yako ukiwa bado nyumbani, laini yako ikiwa hewani, kwa sababu namba ya uthibitisho inakuja kwa ujumbe mfupi. Uwanja wa ndege panda teksi ya kwenye foleni rasmi, mita iwashwe, na risiti uichukue. Ndiyo yenye namba ya gari.

Kuhusu taslimu: ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 unatakiwa kuzitaja forodhani, na ukitoka Tanzania na zaidi ya dola 10,000 vilevile. Za matumizi badilisha benki, na pasipoti mkononi. Wale vijana wa Xiaobei wanaokunong'oneza bei nzuri barabarani waache wapite. Biashara yao ni haramu kisheria, na ukipunjwa au ukipewa feki hutakuwa na wa kumshitakia.

Sasa tuje kwenye hela kubwa. Kuna dada mmoja wa Kariakoo, muuza viatu, mtu makini sana, aliyekubaliana na kiwanda akalipa asilimia 30 ya kuanzia. Mzigo ulipokaribia kuisha ilikuja barua pepe yenye jina la yuleyule muuzaji, nembo ileile, kiasi kilekile cha kumalizia, ikisema akaunti ya kampuni inakaguliwa, atumie akaunti nyingine iliyoko Hong Kong. Anwani ilitofautiana kwa herufi moja. Alituma. Kiwanda hakikuona hata senti, na mzigo kilikataa kuutoa. Nilikwenda naye benki. Walichoweza kutuambia ni kwamba fedha zilipofika zilitolewa.

Elewa inavyofanyika. Mwizi anaingia kwenye barua pepe ya muuzaji au yako, anakaa kimya akisoma mazungumzo yote, anangoja siku ya malipo. Ndiyo maana ujumbe wake unakuwa na kila kitu sahihi isipokuwa akaunti. Dawa yake: namba ya akaunti iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, mkiwa mmekaa dukani kwao, na mkataba upigwe muhuri mwekundu wa kampuni. Wakisema imebadilika, wapigie kwa video kwa namba uliyoichukua siku ile ile mlipokaa. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Na jina la mwenye akaunti lilingane na jina la kampuni. Wakikuambia ulipe akaunti ya mke wa bosi, simamisha malipo hapo hapo.

Kabla ya hayo omba leseni ya biashara. Ina namba ya tarakimu 18, na serikali ya China ina tovuti ya kuihakiki bure. Utaona kampuni imeandikishwa lini na kwa shughuli gani. Anayejiita kiwanda cha viatu huku leseni inasema ushauri wa biashara, huyo ni dalali, na udalali si dhambi, ila ujue unazungumza na nani.

Sampuli nayo isainiwe na pande zote mbili, moja ubaki nayo. Malipo ya mwisho yatoke baada ya mtu wako kufungua maboksi ya katikati na ya chini kabisa, maana ya juu huwa mazuri siku zote. Na kwa kuwa umesema mabegi: pale soko la ngozi la Baiyun utaonyeshwa nakala za majina makubwa ya Ulaya. Zikifika kwetu, FCC (Tume ya Ushindani) wana mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza, na hakuna wa kukulipa.

Hapa sasa ndipo panaponiuma. Mgeni akisikia Kiswahili kule anapumua, na akipumua anafungua pochi. Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaofanya ukalimani kwa uaminifu mkubwa, na kazi yao imenifaa. Lakini mkalimani mlipe kwa siku, na hela ya mzigo itoke kwako iende moja kwa moja kwa muuzaji. Atakayesema "nipe mimi nikulipie, watanipunguzia", hata kama ni wa kijiji kimoja na wewe, mkatalie kwa upole.

Na mkatalie bila upole atakayekuomba umbebee begi au boksi la dawa za mama yake. Sheria ya China kwa anayeingiza heroini kuanzia gramu 50 ni kifungo cha miaka 15, maisha, au kifo, na "sikujua kilichomo" hakimu ameisikia mara nyingi. Mwaka 2013 padri John Wotherspoon, anayehudumia wafungwa Hong Kong, alisambaza barua za Watanzania waliofungwa huko kwa kubeba dawa za kulevya, wakiwasihi ndugu zao wasikubali kutumwa. Zisome.

Pasipoti tembea nayo, polisi wana haki ya kuiomba. Ukilala hotelini, hoteli yenyewe inakuandikisha polisi. Ukilala kwa rafiki, nenda kituo cha polisi ndani ya saa 24 ukajiandikishe. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120.

Ukishapata jina la kiwanda, liweke hapa kwa herufi za Kichina pamoja na ile namba ya tarakimu 18. Nitaiangalia kabla hujatuma chochote.