Je, 2,147,483,647 ni namba tasa kweli?

Swali: Najifunza kuandika programu. Namba 2,147,483,647 naikuta kila mara kama kikomo cha namba kamili za biti 32, na nimesoma kuwa ni tasa na kwamba mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo bila kompyuta. Je, ilichaguliwa kwa sababu ni tasa? Na Euler aliwezaje?

Jibu: Haikuchaguliwa kwa sababu hiyo. Biti moja kati ya 32 hubeba alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2³¹ − 1. Ile ya biti 16, yaani 2¹⁵ − 1 = 32,767, si tasa: ni 7 × 31 × 151. Kipeo chake, 15, kinagawanyika, na kipeo kikigawanyika namba nayo hugawanyika. Kipeo tasa hakitoshi pia, kwani 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

Hiyo 2,047 itazame vizuri, kwa sababu njia ya Euler yote imo humo. 22 ni 2 × 11; 23 ni 22 + 1, na 89 ni 4 × 22 + 1. Anza na 2, zidisha kwa 2 tena na tena, kila mara ukibaki na baki tu la kugawanya kwa 23: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Umerudi kwenye 1 katika hatua ya 11. Kwa kuwa 11 ni tasa, mzunguko hauwezi kuwa mfupi zaidi; na mwanahisabati Fermat alishaeleza kwamba urefu wa mzunguko lazima ugawanye 23 − 1 bila baki. Ndiyo maana 11 imo ndani ya 22. Naipenda sana hoja hii: namba inakutajia yenyewe sura ya vigawo vyake.

Sasa weka 31 mahali pa 11. Ukitoa 1 kwenye kigawo tasa chochote, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 31, na kwa 2 pia kwa kuwa kigawo ni witiri; kwa hiyo kigawo lazima kiwe 62 mara kadhaa, jumlisha 1. Kuna sharti la pili, ambalo uthibitisho wake ni mrefu kidogo: kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili unapata 248k + 1 au 248k + 63 tu. Kipeuo cha pili cha namba yetu hakifiki 46,341, kwa hiyo hapo ndipo unapokoma. Zinabaki namba 372 za kujaribu, na nyingi kati yake si tasa, unaziruka. Hakuna hata moja iliyoigawanya, na Euler akamwandikia mwanahisabati Johann III Bernoulli matokeo hayo katika barua ya mwaka 1772.

Wewe una kompyuta, basi lijaribu mwenyewe: andika kitanzi kimoja kianze 249 na kingine 311, vyote viruke kwa 248. Kisha ijaribu 2²⁹ − 1 kwa kuanza na 59 na kuruka kwa 58. Kwenye namba ya nne utakutana na 233, nayo inagawanya.