Ubia wa ubunifu katika mwani wa Pemba: mkataba utangulie jengo

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Tumetakiwa kuandaa andiko la kujenga mfumo wa ubunifu wa mkoa kwa njia ya ubia baina ya Serikali na sekta binafsi, na zao tulilolichagua ni mwani. Rasimu ya kwanza inapendekeza kijengwe kituo cha ubunifu, mwekezaji akiendeshe kwa miaka kadhaa, kisha akirejeshe Serikalini. Je, huo ni mwanzo sahihi? Na mkulima wa mwani anaingia wapi katika mkataba wa namna hiyo?

JIBU: Ndugu Afisa Mipango, chaguo la mwani ni zuri na nitalitetea popote, lakini rasimu yenu imetanguliza kitu kinachopaswa kuja nyuma. Mfumo wa ubunifu wa mkoa, kwa maana iliyojengwa na Philip Cooke wa Chuo Kikuu cha Cardiff tangu mwaka 1992 na wataalamu waliomfuata, si jengo wala si taasisi moja. Ni mazoea ya kudumu ya kupashana ujuzi baina ya wanaozalisha, wanaotafiti, wanaonunua na wanaotawala katika eneo moja, kiasi kwamba tatizo lililoonekana leo ufukweni linafika maabara, na jibu la maabara linarudi ufukweni likiwa bado lina manufaa. Jengo linaweza kuyasaidia mazoea hayo yakiwapo; haliwezi kuyazaa.

Mkataba wa kujenga, kuendesha na kurejesha unafaa kwa barabara, bandari, umeme na maji, yaani kazi ambazo Serikali inajua tangu siku ya kutia saini itapokea nini. Gati lina urefu wake na kina chake, na mwekezaji anarudisha fedha zake kwa ada wanazolipa watumiaji. Utafiti na majaribio hayana sifa hizo. Hakuna anayeweza kuandika leo kwamba mwaka wa tatu mbegu inayostahamili joto itakuwa imepatikana Micheweni. Na mwekezaji anayetegemea ada za watumiaji wa kituo atatafuta watumiaji wenye uwezo wa kulipa, ambao kwa mazingira yetu ni waandaaji wa semina na makongamano. Kituo kitageuka ukumbi, na hapatakuwa na mtu aliyevunja mkataba.

Kwa hiyo anzeni na tatizo ambalo kila upande unalilipia gharama. Kwenu halihitaji kutafutwa. Mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na leo sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar inatoka Pemba. Aina zinazolimwa ni mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo bei yake ni kubwa zaidi kwa sababu ya ubora wa karajinani, yaani dutu ya kugandishia, inayotolewa ndani yake kwa matumizi ya viwanda vya chakula, dawa na vipodozi. Kotonii ndiyo inayokufa. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, matawi yake hupauka, hulainika na kukatika kwenye taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia mwani, na mkulima aliyefunga kamba zake bamvua moja huzikuta bamvua la pili zikiwa hazina kitu. Wengi wamebaki na spinosamu kwa sababu haiwakimbii, ingawa wanajua kwamba wanabeba mzigo ule ule kwa fedha kidogo.

Hapo ndipo swali la ubia linapokuwa la kweli: kwa nini sekta binafsi, ambayo ingefaidika na kotonii, haijagharimia suluhisho? Tazameni namna biashara inavyokwenda. Kampuni inayosafirisha mwani humpa mkulima kamba, taitai na mambo (vijiti vya kufungia kamba), na badala yake hutegemea kwamba mavuno yatauzwa kwake kwa bei yake. Akitokea mnunuzi wa pili mwenye bei nzuri kidogo, asiyegharimia nyenzo yoyote, mkulima ana kila sababu ya kumuuzia. Kampuni ya kwanza ikigharimia majaribio ya miaka mitatu, faida yake itavunwa na mshindani anayengoja pembeni. Sioni ubaya wa moyo kwa upande wowote hapa. Hesabu zenyewe ndizo zinazomzuia kila mmoja kuanza. Fedha ya umma inahitajika mahali hapo hasa: kubeba hasara ya majaribio ya mwanzo, ambayo hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeibeba peke yake.

Mkataba basi uandikwe kwa awamu. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za ununuzi wa umma za mwaka 2014, uliweka utaratibu maalumu wa namna hiyo: mamlaka inaeleza hitaji lake badala ya kueleza kifaa, inaingia katika ubia na mshirika mmoja au zaidi, inalipa kwa hatua, na inaweza kusimamisha mradi au kupunguza washirika kila hatua inapokwisha. Sishauri muuchukue mzima mzima, ila mantiki yake inawafaa. Awamu ya kwanza iwe ndogo: maeneo machache ya bahari, njia mbili au tatu za kilimo, gharama kubwa ikitoka Serikalini na kampuni ikichangia nyenzo, usafiri na taarifa zake za ununuzi. Mwisho wa awamu viwepo vigezo vilivyoandikwa mapema, kama vile uzito wa mavuno makavu kwa kila kamba, idadi ya kamba zilizopona katika miezi ya joto kali, na gharama kwa kila kilo. Vikifikiwa, mgao wa gharama unageuka na kampuni inachukua sehemu kubwa, pamoja na ahadi ya kununua kiasi maalumu. Visipofikiwa, mradi unafungwa bila mashitaka, na taarifa za kushindwa kwake zinabaki mali ya umma ili mkoa mwengine usirudie jaribio lile lile.

Msidhani mnaanza katika ardhi tupu. Tangu mwaka 2006 upo Zanzibar mpango wa kongano la mwani, uliosimamiwa na Dk. Flower Msuya akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiwakusanya wakulima, watafiti, wafanyabiashara na Serikali. Kutoka humo zimetoka sabuni na unga wa mwani, na wanawake wamepata mafunzo ya kuongeza thamani. Yamefanyika pia majaribio ya kulima kotonii katika maji ya kina kirefu kwa nyavu zilizoshonwa kama mabomba. Majaribio hayo yalifundisha jambo ambalo maabara isingeliona: wakulima wengi ni wanawake, na kuhamia kina kirefu kunataka kuogelea na kuendesha chombo. Bajeti isiyo na fungu la mafunzo ya kuogelea, vihori na maboya ya usalama itawatoa wanawake katika kotonii na kuwaachia wanaume, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Taasisi nyengine mnazo karibu: SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kwa mashine za kukaushia na kusagia, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa vipimo vya bidhaa. Kila moja ipewe kazi moja iliyotajwa mkatabani na muda wa kuikabidhi, kwani kamati ya wajumbe wengi wasio na kazi maalumu hukutana mara mbili na kusahaulika.

Sasa mkulima. Rasimu nyingi humweka katika orodha ya wanufaika; mimi nashauri awe mmoja wa pande zinazofunga mkataba, kwa jina la ushirika wake, kwa sababu yeye ndiye anayetoa eneo la bahari, nguvu zake na ujuzi wa maji na pepo. Alipwe kwa siku za majaribio, afidiwe zao likifa kwenye kamba alizoombwa kuzijaribia, awe na haki ya kuchukua mbegu iliyofanikiwa bila kuinunua, na apewe matokeo ya vipimo kwa Kiswahili.

Kuhusu sheria, angalieni kwamba uwekezaji na ubia Zanzibar vinasimamiwa na sheria za Zanzibar. Vifungu vilivyonakiliwa kutoka mikataba ya Tanzania Bara huenda visiwasaidie mbele ya mahakama. Haki za uvumbuzi na alama za biashara nazo zina sheria yake ya mwaka 2008 na husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, kwa hiyo usajili uliofanywa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, pekee hauwalindi huku. Kiambatisho cha umiliki wa mbegu, taarifa na uvumbuzi kiandikwe na nyinyi wenyewe, kipitiwe na mwanasheria wa Serikali, na kiwekwe ndani ya tangazo la zabuni, ili kila mwombaji aweke bei yake akikijua. Kikiachwa kujadiliwa baada ya mshindi kupatikana, ushirika wa wakulima hautakuwa tena na nguvu ya kudai chochote.