Kusoma kwa Kalenda ya Giza

Ratiba yangu ya kwanza ya kusoma niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani juu ya kitanda: saa mbili hadi saa nne usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, hesabu na Kiingereza. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi giza likaingia.

Kwa ambaye hakukulia kando ya ziwa, nieleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa huufuata mwanga, wakishajaa chini ya taa wavuvi huwazungushia wavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hulala ufukweni, na mwezi ukififia, ndilo giza tunaloliita sisi, yote huingia majini.

Sisi tunaonunua na kuanika tunafuata kalenda hiyohiyo. Wakati wa giza naamka saa tisa usiku niwahi mitumbwi. Mchana kutwa naanika na kugeuza, jioni nakusanya kabla umande haujashuka, kisha nafunga magunia ya kupeleka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, ambako wanunuzi wengine wanatoka hadi Kongo. Ikifika ile saa mbili ya kalamu nyekundu, macho hayafunguki.

Nilirudia kosa hilo miaka mitatu. Kila nilipoanza upya nilinunua daftari jipya, na bado ninayo manne yaliyojaa kurasa za mwanzo tu. Nilijiita mvivu. Leo neno hilo linaniuma, kwa sababu mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ya dagaa si mvivu. Ratiba ile ilikuwa ya mtu mwingine, mwenye kazi ya kutoka saa kumi jioni na kwenda kuoga.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapofikia. Nilimkuta siku ya mbalamwezi chini ya mti akishona wavu na vijana wake, nikamsalimia, nikamwambia leo mmepumzika. Akaniangalia. "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nani kakwambia tumepumzika? Wavu usiposhonwa sasa, giza likija tutavua maji."

Nilirudi nyumbani nikaibandua ratiba ukutani.

Nilikuwa narisiti hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne huja Novemba, mwezi uwe mkubwa au mdogo. Nilikuwa nimejisajili mwanzoni mwa mwaka, basi nikahesabu mbalamwezi zilizobaki, nikapata tisa. Mada zote ngumu nikazigawa humo. Siku za mwezi mkubwa nilikaa na kitabu saa tatu nzima, nikianza mada mpya na kuuliza nisichoelewa. Chumba cha kupanga kina kelele, kwa hiyo nilipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba. Waliozaliwa Mwanza wanajua jinsi jiwe linavyobaki na joto la jua hadi usiku. Unaweza kukaa hapo na kanga moja tu na usisikie baridi.

Giza likirudi, nilijiwekea swali moja kwa siku. Moja. Nililinakili kwenye kikaratasi, nikakifunga kwenye pindo la kanga, na wakati dagaa wanakauka nalifanya kwa kijiti mchangani. Na sheria iliyoniokoa ni hii: nikikosa kulifanya leo, kesho silipi deni. Kesho ina swali lake. Zamani nilikuwa nalimbikiza, nimekosa Jumatatu basi Jumanne nifanye mawili, Jumatano matatu, hadi mlima unakuwa mkubwa kuliko mimi nami naacha kila kitu. Ukichukua jambo moja tu hapa, chukua hilo.

Asilimia nimezielewa kwenye chanja, kile kichaga cha kuanikia dagaa. Shuleni zilinishinda, nilizikariri tu kama wimbo. Siku moja mvua ilinikuta na ndoo kumi, mbili zikaharibika zikaishia kuuzwa chakula cha kuku. Nikakaa na kijiti changu: mbili kwa kumi, ishirini kwa mia. Asilimia 20 ya mzigo wangu imeondoka kabla ya saa sita mchana! Tangu siku hiyo sijawahi kuisahau, na tangu siku hiyo nina turubai. (Na wewe unayeanika juu ya mchanga, dada yangu, tafuta chanja. Dagaa wenye mchanga bei yake unaijua.)

Simu nayo ina nafasi yake. Nilikuwa nanunua bando la wiki na linaisha kwa vichekesho. Sasa napakua somo moja, nazima data, nalitazama hata mara tano. Hakuna ufundi zaidi ya huo.

Najua wengi mnaosoma hapa hamuuzi dagaa. Lakini konda wa daladala ya Buhongwa ana saa zake za abiria wachache. Mama lishe anajua siku ambazo mafundi hawaji. Mwalimu ana wiki za kusahihisha na wiki za kupumua. Kabla hujapanga ratiba yoyote, andika kwa mwezi mmoja ni lini ulichoka hadi ukashindwa kusoma ukurasa, na ni lini ulikaa ukajiuliza ufanye nini. Usijidanganye katika kuandika. Kazi nzito ipeleke kwenye siku zile nyepesi, na siku nzito ziachie kitu kidogo kiasi kwamba hata mgonjwa angekiweza.

Hesabu nilipata C. Kiingereza nakifanya mwaka huu, kwa mtindo uleule, ingawa kijiti mchangani hakinisaidii sana. Nimeanza kuyasema maneno kwa sauti huku nikigeuza dagaa, na wanangu wamezoea.

Leo ni siku ya tatu ya giza. Kikaratasi kipo kwenye pindo, lakini wingu jeusi limesimama upande wa ziwa, ngoja nikafunike mzigo kwanza.