Ukikuta shamba la hei kwenye eneo lako, anza na hesabu ya kinachotoka

Wengi wanaohamia kwenye shamba dogo hukuta sehemu moja ya wazi ambayo mwenyewe wa zamani alikuwa akivuna hei, yaani nyasi zinazokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo. Swali la kwanza huwa lile lile: tuendelee kukata, tuingize mifugo, tulime, au tuiache ijiotee? Nimekuwa kwenye kazi ya malisho muda mrefu, na jibu langu kwa mgeni halijabadilika: msimu wa kwanza usiguse jembe. Ukichagua njia nyingine yoyote unaweza kuibadilisha mwaka ujao, lakini nyasi za miaka mingi zilizoshika udongo, ukishazipindua, hazirudi kwa msimu mmoja. Kama shamba lina mteremko, mvua kubwa ya kwanza itaondoka na udongo wa juu ambao ndio ulikuwa utajiri wako.

Msimu huo utumie kutembea. Angalia wapi maji yanatuama, wapi udongo uko wazi, wapi nyasi ni nene na wapi magugu yameshinda. Jifunze kutambua mimea yenye sumu ya eneo lako, maana mingine mnyama huikwepa ikiwa mbichi lakini huila ikishakauka ndani ya robota (mzigo wa hei uliofungwa), na sumu bado imo. Chukua sampuli za udongo, kina cha sentimita 15 hivi, kutoka sehemu 15 au 20 za shamba, zichanganye na upeleke maabara. Majibu ya kipimo ndiyo yatakayokuambia kama unahitaji chokaa au mbolea, tena ya aina gani.

Kisha muulize aliyekuwa akilitunza shamba alipulizia dawa gani za magugu. Swali hili watu hulisahau, na linauma baadaye. Ziko dawa za kuua magugu ya majani mapana, aminopiralidi ikiwa mojawapo, ambazo hukaa kwenye nyasi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika, na hubaki kwenye samadi. Ukiiweka samadi hiyo kwenye bustani, nyanya na maharage hujikunja na kudumaa. Kama hupati jibu la uhakika, panda maharage kwenye vyungu vichache vyenye udongo au samadi unayoitilia shaka, na vingine vyenye udongo unaouamini. Yaangalie kwa wiki tatu. Majani mapya yakijikunja kwenye vyungu vya kwanza peke yake, umeshajua.

Sasa tuje kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mara nyingi atatokea jirani mwenye trekta akuambie, "Mimi nitakukatia bure, nyasi nichukue." Inasikika vizuri: shamba linabaki safi na wewe hutoi chochote. Lakini tani moja ya nyasi kavu hubeba takriban kilo 15 hadi 20 za nitrojeni, kilo 2 hadi 3 za fosforasi na kilo 15 hadi 25 za potasiamu. Zikitoka tani 4 kwenye hekta yako, umetoa potasiamu ya kilo 60 hadi 100 kwa mwaka mmoja. Fanya hivyo miaka mitano bila kurudisha kitu, uone nyasi nzuri zinavyopungua na magugu yanayovumilia udongo maskini yanavyochukua nafasi. Jirani si mwizi. Yeye anavuna alichoruhusiwa kuvuna. Anayepaswa kufanya hesabu ni mwenye ardhi.

Kwa hiyo ukikubali mpango huo, mkubaliane kwa maandishi mambo matatu: nani atarudisha samadi au mbolea, nyasi zikatwe zikiwa katika hatua gani, na kisu kisishuke chini ya sentimita 8 hivi. Nyasi nyingi huweka akiba yake kwenye shina la chini, na ukizinyoa hadi ardhini huchelewa kuota tena huku jua likikausha udongo. Mgao wa marobota, nusu kwa nusu au vinginevyo, uje baada ya hayo.

Kutengeneza hei mwenyewe ni kazi nzuri, ila usinunue mashine kwa ajili ya hekta moja au mbili. Utahitaji ya kukata, ya kugeuza na kukusanya, na ya kufunga, na zote zitakaa ghalani karibu mwaka mzima. Kwa eneo dogo sana, kata kwa mkono na ufunge kwa kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, chenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Unapanga kamba, unajaza, unakanyaga, unafunga. Robota lililoshindiliwa vizuri hufika kama kilo 20.

Wakati wa kukata ndio unaoamua ubora. Kata nyasi zinapoanza kutoa masuke. Ukingoja mbegu zikomae utapata mzigo mkubwa wa mashina magumu yenye protini kidogo, na mnyama ataubagua. Kisha unahitaji siku kadhaa kavu mfululizo. Ukifunga nyasi zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, zitaota ukungu na kupata joto ndani, na marobota mengi yaliyopangwa pamoja huweza kushika moto yenyewe wiki kadhaa baadaye. Mabanda yameungua namna hii, kwa hiyo usione haya kungoja siku moja zaidi. Kipimo rahisi: katakata nyasi vipande vidogo, tia kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika mbili. Chumvi ikigandamana au kushika ukuta wa chupa, bado mbichi.

Maoni yangu, na ninayasema baada ya kuona mashamba mengi madogo: kama una mifugo michache, waache wale nyasi za shamba lenyewe na hei nunua. Sehemu kubwa ya virutubisho anavyokula mnyama hurudi ardhini kwa mkojo na kinyesi, na kila robota unalonunua linaingiza rutuba ya shamba la mwingine kwenye lako. Uliza tu kwanza kuhusu zile dawa. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 8 hadi 10 za malisho makavu kwa siku, kwa hiyo siku 120 za ukame au baridi ni karibu tani moja hadi tani na robo kwa kichwa, ukiongeza kidogo kwa kinachopotea. Hesabu vinywa kabla ya kununua mnyama.

Uchungaji wenyewe uwe wa mzunguko. Gawa eneo kwa uzio wa umeme wa kuhamishika, ingiza mifugo nyasi zikifika sentimita 20 au 25, watoe zikibaki 8 au 10, kisha pumzisha mpaka zirudi. Penye klova au alfalfa nyingi (malisho ya jamii ya kunde), usiwaingize wakiwa na njaa, hasa kukiwa na umande. Washibishe nyasi kavu kwanza, maana gesi ikijaa tumboni inaweza kuwaua kwa saa chache.

Kuiacha ijiotee ni uamuzi halali pia, ila ujue vichaka vitaingia. Ukitaka ibaki wazi kwa ajili ya ndege na nyuki, kata mara moja kwa mwaka baada ya makinda kuruka, ukianzia katikati kuelekea kingoni ili viumbe wapate pa kukimbilia.

Na si lazima shamba zima lifanye kazi moja. Gawa mara mbili, upande mmoja ukate, mwingine uchunge, na samadi ya bandani iende upande uliokatwa. Mwaka unaofuata geuza. Upande uliokaa bila mifugo na kukatwa hei huwa na mabuu machache ya minyoo, kwa hiyo wanyama wadogo na walioachishwa kunyonya waanzie huko.